Kibaba cha Msafiri

Fomu ninayojaza kila nirudipo kutoka mikoani ina mstari ulioandikwa "posho ya kujikimu". Naandika idadi ya siku nilizolala nje, nazidisha kwa kiwango cha cheo changu, natia saini. Nilifanya hivyo kwa miaka bila kulitazama neno lenyewe, mpaka alipokuja mwenzetu mmoja kutoka Kampala, tukaingia naye mgahawani, akaagiza posho na maharage. Mhudumu alimtazama kama mtu aliyeomba mshahara wake uletwe kwenye sahani. Mwenzetu alitaka ugali tu. Kwao Uganda, ugali wa mahindi ndiyo posho. Kenya, mashine ya kusagia mahindi ni ya posho. Kwetu Tanzania neno limehamia kwenye noti, likauacha unga nyuma. Lakini kote linakumbuka jambo lile lile: kile ambacho mwenye kazi humpimia mtu aliye mbali na jiko lake.

Mimi hukagua hesabu za vyama vya ushirika vya wakulima. Nusu ya mwaka niko barabarani, na sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sababu zangu nimezieleza mara nyingi hadi zimenichosha mwenyewe, kwa hiyo hapa naziacha. Kinachonishughulisha ni jambo jingine. Katika safari hizi, chakula changu hupatikana kwa urahisi mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia jina lake, kisha hunikimbia kwenye hoteli zenye menyu ya kurasa kumi na mbili. Mwanzoni nilidhani ni bahati. Sasa naona kuna historia nyuma yake, na historia hiyo imepita karibu njia ile ile ninayopita mimi: kutoka pwani, Morogoro, Dodoma, Tabora, hadi Kigoma.

Mwenye safari kama zangu hujifunza mapema kutouliza, "Mboga gani ipo?" Ukiuliza hivyo utajibiwa, "Nyama, samaki, maharage." Kwa Mtanzania mboga ni chochote kinachosaidia ugali kushuka, ndiyo maana ikabidi tuwe na "mboga za majani" kwa ajili ya majani yenyewe. Kujiita mla mboga, basi, ni kujitangaza kuwa binadamu wa kawaida. Neno vegani nalo halijapata makazi. Nimelitumia mara mbili, na mara zote mbili niliulizwa ni dhehebu gani. Maswali yanayofuata nimeshayazoea, na huja kwa mpangilio: Wewe Msabato? Umefunga? Daktari kakukataza? Mama ntilie mmoja pale Dumila hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliniinamia, akashusha sauti ili madereva wasisikie: "Dada, kama hela imepungua sema tu, nitakuwekea." Kati ya wote walionihoji, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kiini cha mambo.

Siku hizi nauliza mambo madogo madogo. Maharage yamechemshwa na nini? Mchicha umeungwa kwa nazi, kwa karanga, au umetiwa dagaa? Kisha nasema mapema, kabla upawa haujafika, kwamba wali wangu usimwagiwe mchuzi. Mchuzi wa nyama juu ya wali maharage hautozwi hata shilingi. Ni ukarimu, na ukarimu hukataliwa kwa adabu.

Karne ya 19, maelfu ya watu walisafiri kikazi katika njia hii ya kati kila mwaka, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Wengi wao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu wenye ujuzi wao na fahari yao, kila mmoja na mzigo wa kilo kama 30 begani. Chakula chao kilipimwa kwa kibaba. Leo wengi wetu tunakijua kibaba kutoka kwenye methali tu, kile kinachojazwa na haba na haba. Richard Burton, aliyeingia bara pamoja na John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba kibaba kimoja cha nafaka, kiasi cha ratili moja na nusu, ndicho kilikuwa posho ya mtu kwa siku. Ni gramu kama 700. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka yenyewe. Alipewa shanga, au kipande cha nguo, merikani au kaniki, akajinunulie chakula kwa wenyeji. Merikani ilikuwa bafta iliyotoka Marekani, ikaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, na jina la nchi likabaki kwenye kitambaa. Kwa hiyo posho ya kujikimu ilikuwepo kabla ya fomu, na hata wakati huo ilitegemea fedha ya kigeni.

Wapagazi walijigawa katika makundi, wakachanga posho zao, wakapika chungu kimoja. Wanawake waliosafiri na misafara walipika pia, jambo ambalo vitabu vya wapelelezi hulitaja kwa haraka kana kwamba uji ulijikoroga wenyewe. Walichonunua njiani kilikuwa mtama, uwele, muhogo, viazi vitamu, kunde, karanga, maboga. Nyama ilikuja mtu akiwinda, au mkuu wa msafara akichinja ng'ombe baada ya mwendo mgumu. Sisemi kwamba hawakuipenda. Waliipenda sana, na siku ya nyama ilikuwa siku ya ngoma. Lakini kilichowatoa Bagamoyo na kuwafikisha Ujiji, siku baada ya siku, kilikuwa nafaka na kunde. Posho ikipungua walitua mizigo na kugoma, na msafara mzima ukasimama porini mpaka mwenye mali afungue tena majora yake.

Nikifika Dodoma ndipo hula vizuri kuliko popote. Ugogo ni nchi kavu, na watu wa nchi kavu wamejua kuhifadhi. Majani ya mlenda hukaushwa, husagwa, na yanaweza kukaa hadi mvua nyingine. Yakipikwa na karanga zilizosagwa, kwa ugali wa uwele, mtu hana haja ya kueleza imani yake kwa yeyote. Kuna mgahawa wa turubai nyuma ya stendi ambako mama mwenye nyumba huwa hana hata nafasi ya kuniuliza ninachotaka, ananiona, anachota. Wenzangu wa ofisini hawapendi kula pale. Wanasema mlenda unateleza. Na kweli unateleza, hiyo ndiyo kazi yake.

Baada ya hapo njia inakuwa ngumu. Magharibi ya Ugogo wapagazi waliingia pori waliloliita Mgunda Mkali, mwendo wa siku nyingi bila vijiji vya kutosha, na kabla ya kuingia ilibidi kila mtu ajifungie chakula chake. Leo lami imepita Manyoni na Itigi hadi Tabora, na basi hulimaliza pori hilo kwa saa chache. Linasimama pale dereva anapopataka yeye, dakika kumi na tano, watu wanachimba dawa na kukimbilia chipsi kuku na chipsi mayai. Chipsi kavu zipo, zimekaangwa ndani ya mafuta yale yale ya kuku. Kwangu mimi bado ni Mgunda Mkali. Najifungia karanga, mihogo ya kuchemsha na ndizi mbili kabla ya kuondoka Dodoma, na sioni aibu kufungua mfuko wa nailoni kwenye kiti cha dirishani.

Ningependa kuishia hapo, kwenye karanga na fahari ya babu zetu. Kuna watu, hasa mitandaoni, wanaopenda kutuambia kwamba Mwafrika wa kale alikula mimea tu, kwa hekima, mpaka mgeni alipomfundisha nyama. Hilo silikubali, na nyaraka hazilikubali. Kwanza, wafugaji wetu wangecheka. Pili, hata chakula chenyewe tunachokiita cha asili kina pasi za kusafiria: mahindi, muhogo, karanga, viazi vitamu na maharage vyote vilitoka Amerika, vikaingia Afrika baada ya Wareno kuanza kuzunguka mwambao wake. Mtama, uwele na kunde ndivyo vya bara hili. Na tatu, ambalo ndilo zito, chakula cha mimea kilicholetwa na bwana kwa bei ya chini kimeua watu wengi waliokuwa safarini kikazi.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliajiri mamia ya wapagazi Zanzibar kwa msafara wa kumfuata Emin Pasha kupitia Kongo. Kundi moja liliachwa nyuma kambini Yambuya, kando ya mto Aruwimi, lisubiri. Chakula kikubwa kilikuwa muhogo mchungu, ule unaotaka kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa ndipo uliwe. Watu wenye njaa, wanaofanyishwa kazi kutwa, bila jiko la maana na bila muda, waliula haujaiva sumu yake. Stanley aliporudi Agosti 1888 alikuta wengi wamekufa na wengine wamebaki mifupa, na yeye mwenyewe aliutaja muhogo usioandaliwa vizuri kuwa mojawapo ya sababu. Bibi yeyote wa Mtwara angewaambia.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki, wengi kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi kuwafuata Wajerumani hadi Msumbiji. Watu waliozoea ndizi au ulezi walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, wakaupika nusunusu kwenye kuni mbichi, mvua ikinyesha. Matumbo yao yaliharibika. Kuhara damu kuliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza inazidi 40,000, na wanahistoria huamini kwamba waliokufa hasa ni wengi zaidi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nasi tukalitamka Kariakoo. Ndipo lilipotoka jina la soko kubwa la Dar es Salaam, ambako hununua mchicha wangu kila Jumamosi nikiwa mjini. Nairobi wanaye ndugu yake, Kariokor. Sijui kama kuna jiji jingine duniani linalonunua chakula chake mahali palipopewa jina la watu walioshindiwa njaa.

Nikisoma habari hizi huwa naona kwamba mmea haukuwa na hatia wala nyama isingekuwa mwokozi peke yake. Kilichokosekana ni muda wa kupika na mtu anayejua kupika, na zaidi ya yote nafasi ya kuchagua.

Mwezi Novemba 1944, nchini Uingereza, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha Vegan Society. Jina walilitengeneza kwa kuchukua mwanzo na mwisho wa neno la Kiingereza la mtu asiyekula nyama. Ilikuwa vita, chakula kilikuwa cha mgawo, na wasiokula nyama walipewa jibini ya ziada badala yake. Hawa wachache walisema hata jibini hawataki. Mwaka huo huo wa 1944, Tanganyika, wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kama Silabu. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wanaume Kigoma, Njombe na kwingineko na kuwapeleka mashambani kwa mkataba. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba. Uti wa mgongo wa posho yao ulikuwa unga wa mahindi na maharage. Nyama ilipokuwepo ilikuwa kidogo.

Miaka hiyo miwili ni mwaka mmoja. Sahani ya Watson na sahani ya namba fulani wa Tanga zingeweza kufanana mno, ukiacha chumvi. Naijua tofauti yake, na naibeba mimi kila ninapokaa kula, kwa sababu jina langu limetoka kwa wa kwanza na maharage yangu yametoka kwa wa pili.

Ndiyo maana hoteli za semina hunishinda. Sio kwamba wapishi hawajui. Mpishi huyo huyo akirudi kwake jioni anakula kisamvu cha nazi. Ni kwamba bafe la semina lina kazi ya kusema kitu. Linasema: ninyi si manamba. Ndiyo maana lina kuku, ng'ombe na samaki kwa pamoja, pilau limepikwa kwa supu ya nyama, mchicha umetiwa maziwa, na hata saladi imepambwa kwa yai. Hakuna mwandaaji atakayethubutu kuwapa washiriki maharage. Watu wangesema hela imeliwa. Na kusema kweli, kama risiti inaonyesha mlo kamili na sahani zina maharage, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuandika hoja ya ukaguzi.

Kazi ilinipeleka Addis Ababa mara moja, wiki nzima, na nilikula kama binti wa mfalme. Waumini wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na majuma mengi mengine ya mwaka. Kwa hiyo kuna neno moja, tsom, na ukilitamka sinia linakuja: injera, shiro, dengu, majani, kabichi. Hakuna anayekuonea huruma. Sahani isiyo na nyama ina kanisa nyuma yake, na tajiri na maskini huila siku moja. Nilirudi nikiwa na wivu. Kwetu sahani hiyo nyuma yake ina upungufu, ndiyo maana mama wa Dumila alishusha sauti.

Hilo nililielewa vizuri zaidi Kasulu. Nilikwenda kukagua chama cha wakulima wa kahawa, na mwenyekiti, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akanialika nyumbani kwake jioni ya kwanza. (Mkaguzi hatakiwi kupokea zawadi, lakini kukataa kuingia nyumba ya mzee Kigoma vijijini ni hoja kubwa kuliko zote.) Nilipofika kijana alikuwa ameshika jogoo miguu, kichwa chini, ili mgeni amwone kabla hajachinjwa. Nikasema taratibu.

"Binti, huli kuku?"

"Sili, mzee wangu."

"Basi samaki. Migebuka imetoka ziwani leo."

"Hata samaki, shikamoo baba. Kama kuna maharage, yananitosha kabisa."

Ile shikamoo ya pili ilinitoka kwa woga. Mzee hakuitikia. Akakaa, akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma mukhtasari wa kikao, kwamba baba yake alipanda treni Kigoma, kisha lori, hadi mkonge wa Tanga. Alikaa huko mikataba miwili. Kila wiki walipanga foleni wakapimiwa unga na maharage, na maharage yalikuwa na wadudu. Aliporudi hakula maharage tena mpaka anakufa, ingawa Kigoma yanaota kama magugu, na aliacha neno kwa wanawe: mgeni wa nyumba hii asipewe maharage.

"Sasa wewe umetumwa na serikali," akasema, "unataka nikupe posho?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina linalotosha. Aliyejibu alikuwa mkewe, mlangoni, akiwa na ungo. "Sisi wasichana kwetu tulikatazwa kuku na mayai," alisema. "Vilikuwa vya wanaume. Huyu anajikataza mwenyewe. Mwache ale."

Jogoo alichinjwa vilevile, maana mgeni alikuwa ameshafika na majirani walikuwa wameshasikia. Walikuja watano, wakamla wote, na mwenyekiti akala paja. Yale maharage yalichukua saa mbili. Yalikuja mwisho, kwenye bakuli la udongo wa kung'aa lililotolewa kabatini, yamepikwa kwa mawese, vitunguu na nyanya chungu, na ndizi zimepangwa pembeni. Mama alinitengea kwenye meza ndogo ya peke yangu, yenye kitambaa cha kufuma. Mzee aliniangalia nikila kijiko cha kwanza, cha pili, hadi cha tano. Kisha akanyoosha mkono kwenye bakuli langu, akachukua ndizi moja iliyoloa mchuzi, akaila bila kusema neno.

Tulimaliza vitabu vya chama siku ya tatu. Wakati wa kuondoka mama alinifungia kilo mbili za maharage ya njano kwenye mfuko. Nikamwambia mzee kwamba sheria yangu hainiruhusu kupokea, na nitalipa bei ya sokoni. Alifikiri kidogo. Akazihesabu noti mbele yangu, mara mbili, akafungua droo, akatoa kitabu cha risiti cha chama, akakirudisha, akachana karatasi kwenye daftari la mjukuu wake, akaniandikia pale.